Sanamu ya Wissmann, mnara wa Lugalo na maswali ninayoulizwa kila safari

Kamwene! Kwa asiye wa huku, hiyo ndiyo salamu ya Uheheni, na jibu lake ni hilo hilo. Nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu. Siku hizi natembeza wageni na wanafunzi Lugalo, Kalenga na Iringa mjini. Maswali yanajirudia, hasa tangu watu waanze kuona kwenye simu zao sanamu za wakoloni zikivutwa kwa kamba huko Ulaya. Kuna siku niliulizwa swali moja mara nne kabla basi halijamaliza mteremko wa kwenda Ipogolo. Ndipo nikasema bora niyaandike.

Wissmann ndiye yule Mjerumani aliyeuawa Lugalo?

Hapana. Aliyeuawa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipolipiga jeshi la Wajerumani, ni Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Hermann von Wissmann, ofisa mwingine wa Kijerumani, ambaye sanamu yake ni mojawapo ya hizo zilizovutwa kwa kamba, alikufa Austria mwaka 1905, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Kuwachanganya ni rahisi, maana nyayo zao zimepitana. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilikuwa namsimulia Nyundo kana kwamba alidondoka Uhehe kutoka mawinguni. Siku moja, kwenye kundi la wageni, mama mmoja wa Pangani akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani, huyo Nyundo wenu alianzia kwetu." Akanipa darasa pale pale, na wageni wangu wakanisahau kabisa. Mwaka 1888 Zelewski ndiye aliyekuwa mwakilishi wa kampuni ya Kijerumani pale Pangani. Ufedhuli wake, pamoja na ile habari inayosimuliwa kwamba aliingia msikitini na mbwa, ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha vita ya Abushiri, watu wa Pwani walipowainukia Wajerumani. Wissmann akatumwa kuizima. Baada ya hapo Nyundo akapanda huku kwetu akiongoza jeshi lile lile ambalo Wissmann alilianzisha. Tangu siku ile, nikiwa Lugalo, hadithi naianzia Pangani.

Basi Wissmann anatuhusu nini sisi wa Nyanda za Juu Kusini?

Anatuhusu kuliko wengi wanavyodhani. Alikuja Pwani mwaka 1889 na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani waliochukuliwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Baadaye, mwaka 1895 hadi 1896, Wissmann akawa gavana. Katikati ya hayo alifanya jambo linalowagusa watu wa Kyela, Ludewa na Nyasa: alileta meli ikiwa vipande vipande, kupitia mto Zambezi na mto Shire, ikaungwa na kuteremshwa Ziwa Nyasa. Meli ikaitwa jina lake mwenyewe. Kituo kikafunguliwa kando ya ziwa, kikaitwa Langenburg, na jina hilo baadaye likapanda mlimani hadi Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Langenburg Mpya.

Mwisho wa meli hiyo unachekesha. Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli ikifanyiwa matengenezo. Ikatokea meli ya Waingereza kutoka upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, ikaipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani alijitosa kwenye mtumbwi akaenda kumgombeza nahodha Mwingereza, rafiki yake wa kunywa naye, akimuuliza kama amelewa. Habari kwamba kuna vita zilikuwa hazijamfikia. Akachukuliwa mateka huku bado amekasirika.

Sanamu yake ilisimama wapi, na ilikuwaje?

Ilisimama Dar es Salaam. Ilizinduliwa mwaka 1909, miaka minne baada ya yeye kufa na miaka miwili tu baada ya Maji Maji kuzimwa. Angalia tarehe hizo. Nchi ilikuwa bado inanuka moshi wa maghala yaliyochomwa, kusini huku watu walikuwa wamekufa kwa njaa, na wao wakampandisha shujaa wao juu ya jiwe.

Nina nakala ya picha yake, nimeitia plastiki kwa sababu ya mvua. Juu kabisa amesimama Wissmann, wa shaba, kichwa kimeinuka, macho mbali. Chini yake kuna askari Mwafrika mwenye sare, anamtazama bwana mkubwa kutoka chini, na anamfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Simba ndio sisi. Huwa siwaambii wanafunzi hilo, nawaacha waitazame. Wengi hulipata baada ya dakika moja. Kijana mmoja wa kidato cha pili alilipata lingine ambalo mimi sikuwa nimeliona: "Mwalimu, mbona wa chini peke yake ndiye anafanya kazi?"

Nani aliiondoa? Nyerere?

Swali hili naulizwa na watu wazima, tena wasomi. Nyerere wakati huo hata hajazaliwa. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na sanamu ikang'olewa nao. Wala hawakuing'oa kwa kutuhurumia. Waliichukua kama mtu anavyochukua ngao ya adui aliyemshinda, wakaipeleka London kuwa nyara. Iliporudishwa Ujerumani, mwaka 1922 ikasimamishwa upya mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, yote, pamoja na askari na simba.

Kwa nini Hamburg? Mji ule ni bandari ya meli zilizokuwa zikija kwetu. Chuo chenyewe kilizaliwa mwaka 1919, lakini kabla yake palikuwa na Taasisi ya Kikoloni, iliyofunguliwa mwaka 1908 kufundisha maofisa na wafanyabiashara wanaokuja Afrika. Somo mojawapo lilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo, sanamu ilipofika, mtu alikuwa anatoka darasani akitamka "mimi, wewe, yeye", anapita chini ya Wissmann.

Ilikuwaje wanafunzi wakaiangusha?

Miaka ya 1960 vijana wa pale walianza kuuliza maswali ambayo wazazi wao hawakupenda kuulizwa, ya Hitler na ya makoloni pia. Sanamu hii ilikuwa mlangoni kwao kila asubuhi. Mwaka 1967 walijaribu kuivuta kwa kamba, polisi wakaingilia. Wakarudi tena mwaka huo huo, ikaanguka. Uongozi wa chuo ukaisimamisha tena! Mwaka 1968 wakaiangusha kwa mara ya mwisho, usiku, na safari hii haikurudi. Ilipelekwa kufungiwa kwenye ghala la chini la kituo cha kutazamia nyota pale Bergedorf, pembeni mwa mji.

Mimi hicho kituo cha nyota ndicho kinachonifurahisha. Mtu aliyewekwa juu atazame mbali ameishia chini ya sakafu, na juu yake watu wazima wanatazama mbali kuliko yeye.

Haijaonekana tena?

Imeonekana. Kuanzia mwaka 2004 hadi 2005 msanii mmoja aliitoa ghalani akaisimamisha bandarini Hamburg kwa zaidi ya mwaka, na watu wakaalikwa kutoa maoni ifanywe nini. Mwaka 2016 ilipelekwa Berlin kwenye maonyesho ya jumba la makumbusho kuhusu ukoloni wa Ujerumani. Na asikudanganye mtu kwamba Wissmann amekwisha kabisa: sanamu yake nyingine, ya mwaka 1908, ilibaki imesimama pale Bad Lauterberg, mji mdogo wa milimani.

Sisi tuliulizwa?

Hapana.

Iliposimamishwa hatukuulizwa, ilipong'olewa hatukuulizwa, na ilipoangushwa Hamburg walioiangusha walikuwa vijana wa Kijerumani wakigombana na wazee wao. Sisemi walikosea. Ningekuwa pale na miaka ishirini, kamba ningeishika. Lakini msiniambie kwamba ni ushindi wetu. Ile ilikuwa kesi ya nyumba ya watu, na sisi tulitajwa tu.

Kuna mara moja walikumbuka kutualika, na hiyo nayo ilikwenda kombo. Hamburg hiyo hiyo, mtaa wa Jenfeld, palikuwa na kambi ya jeshi iliyopewa jina la Jenerali Lettow-Vorbeck, yule aliyepigana na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza mpaka akasalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 1918. Mwishoni mwa miaka ya 1930, enzi za Hitler, waliwekwa pale askari na wapagazi wetu wa kuchongwa ukutani: wenye bunduki upande mmoja na ofisa wao Mzungu, wenye mizigo upande wa pili. Kambi ilipofungwa, watu fulani wakataka kuzihamishia sanamu hizo kwenye bustani, bustani iitwe "Tanzania-Park", na Waziri Mkuu wetu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aje kuifungua Septemba 2003. Wanaharakati wakapiga kelele: mnamwalika mgeni aje akate utepe wa sanamu za enzi za Hitler, zinazomwonyesha mtu wake kama mtumishi mwaminifu? Sumaye hakuhudhuria. Nadhani ndiyo "hapana" yetu ya kwanza katika habari yote hii, na ilisemwa kwa kutokwenda tu.

Sanamu ya Askari pale Posta, Dar, si ndiyo hiyo ya Wissmann bila Wissmann?

Sivyo. Ile ni nyingine kabisa, imetengenezwa na Waingereza, ikazinduliwa mwaka 1927. Yule si askari wa Mjerumani, wala si mwanajeshi wa JWTZ, jeshi ambalo lilianzishwa mwaka 1964. Anawakumbusha askari na wapagazi Waafrika waliokuwa upande wa Uingereza katika vita ya 1914 hadi 1918. Nairobi na Mombasa nako kuna ndugu zake.

Maandishi yake yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kiarabu pia, ambazo watu wa Pwani wa wakati ule walizisoma vizuri zaidi kuliko hizi zetu. Yanamwahidi marehemu kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Nenda kayasome, kisha zunguka sanamu yote utafute hilo jina. Hakuna hata moja. Hesabu ya wapagazi wa Waingereza waliokufa inayotajwa sana ni 95,000, na wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Wengi walikamatwa vijijini huku Nyanda za Juu, maana njia za Iringa, Njombe na Songea zote zilipitwa na majeshi ya pande mbili. Iringa ilishikwa na Waingereza Agosti 1916. Nyumba nyingi huku zina hadithi ya babu aliyekwenda kubeba mizigo asirudi.

Tuambie basi ya Lugalo. Ilikuwaje?

Hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Lugalo iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, ukishika barabara ya Morogoro kuelekea Ilula. (Watu wa Dar, nawaombeni: Lugalo si hospitali. Hospitali na kambi ya jeshi pale kwenu zimepewa jina la hapa. Kambi ile zamani iliitwa Colito.) Ukisimama pale unaona mara moja kwa nini Wahehe walipachagua. Mawe makubwa, vichaka, na njia inayolazimisha watu wafuatane mmoja mmoja. Safu ya Zelewski, askari zaidi ya 300 na wapagazi wao, mizinga imefungwa juu ya punda, ilikuwa ndefu sana hata kichwa hakijui mkia uko wapi.

Inasimuliwa kwamba Wahehe walisubiri ishara ya mlio wa bunduki, na walitaka safu yote iingie kwanza. Ofisa mmoja wa Kijerumani akaona ndege akampiga risasi. Wahehe wakadhani ndiyo ishara. Wakainuka kutoka vichakani na mikuki. Bunduki nyingi zilikuwa hazijajazwa risasi. Mambo yalikwisha kwa dakika chache. Zelewski akachomwa mkuki akiwa juu ya punda wake, na aliyemchoma, kwa simulizi, ni kijana wa miaka 16. Kilichowaokoa wa nyuma ni yule ndege: safu ilikuwa bado haijaingia yote, ndiyo maana Luteni Tettenborn akabaki hai akaenda kueleza.

Walikufa Wazungu kumi, na Waafrika waliokuwa upande wao kama 300, askari na wapagazi. Wahehe wakachukua bunduki kama 300 na mizinga. Nao walikufa wengi pia.

Miaka mitatu ikapita. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani wakaivunja ngome ya Kalenga chini ya Gavana von Schele. Mkwawa akapigana porini mpaka tarehe 19 Julai 1898, akajipiga risasi kule Mlambalasi wasimpate hai. Nchi ilipokuwa mikononi mwao ndipo wakajenga mnara Lugalo, kuwakumbuka Zelewski na wenzake.

Mnara huo una nini?

Una majina ya Wajerumani waliokufa.

Nilikwenda pale na darasa la sita. Wamefika, wamekimbia kimbia, wamekunywa maji, nikawaita. Binti mmoja akawa anapitisha kidole juu ya maandishi, herufi moja moja, anajaribu kutamka "Zelewski" na ulimi unakataa. Kisha akageuka.

"Mwalimu, hawa ndio walioshinda?"

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Si wameandikwa?"

Nilifundisha miaka thelathini na kitu, na sikuwahi kutunga swali zuri kama lile. Nikakaa juu ya jiwe nikaanza upya, kutoka mwanzo, kwa sababu nilikuwa nimewaeleza vita yote njiani na mnara umefuta maelezo yangu kwa dakika mbili.

Kwa nini haubomolewi?

Nina kijana ninayeongozana naye, anajifunza kazi hii. Ananiita babu ingawa si mjukuu wangu wa damu. Yeye anasema ung'olewe leo. "Babu, wewe unalinda kaburi la Nyundo." Hoja yake haikosi nguvu. Anasema mnara haujengwi ili kukumbuka tu, unajengwa ili kuelekeza watu wakumbuke nini. Anasema hakuna mji wa Ujerumani ambao Wahehe wamesimamisha jiwe lenye majina ya Wahehe. Anataka upelekwe kwenye jumba la makumbusho la Boma pale mjini, ulazwe chini, pembeni uwekwe maelezo.

Mimi sikubaliani naye, na sababu yangu ni ya mtu mkorofi. Duniani kote mnara hujengwa na mshindi mahali aliposhinda. Huu umejengwa na watu mahali walipopigwa, kwa mawe yao na gharama zao. Mdachi, yaani Mjerumani, alipigwa, halafu akatuandikia risiti. Ukiing'oa ile, mjukuu wako ataonyeshwa kichaka aambiwe "hapa babu zako walishinda", na atakuwa na haki ya kuuliza una ushahidi gani. Ukiulaza Boma utakuwa jiwe kama mawe mengine. Mahali ndipo panapoufanya useme.

Ya Wissmann ilikuwa tofauti. Ile haikusimama mahali lilipotokea jambo lolote. Iliwekwa mjini ili wapita njia wainue shingo. Hiyo ing'oe, iuze chuma chakavu, sitalia.

Lakini hapo hapo nakubali kwamba Lugalo haiwezi kubaki kama ilivyo kwenye kidole cha yule binti. Mimi ningeweka jiwe la pili hatua chache pembeni, la mawe ya hapa hapa, lisiwe refu kuliko la kwanza wala fupi. Majina yapatikane kwa wazee wa koo. Pale ambapo jina limepotea, uandikwe ukoo. Na wasiishie Wahehe. Wale Wasudani waliokodiwa Misri, waliokuja kufa Uhehe kwa ugomvi usio wao, na wapagazi waliokuwa na mizigo kichwani bila hata panga mkononi, nao mnara wa Wajerumani haukuwataja. Kijana wangu hapo hunikatalia: Wasudani walikuja kutupiga, waandikwe wa nini? Tumeshabishana hilo kutoka Lugalo hadi stendi, na bado.

Sheria inaruhusu mtu kuubomoa?

Usijaribu. Watu wengi hudhani kila kitu cha Wajerumani kinalindwa chenyewe kwa uzee wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo, na yote ya Mjerumani ni ya baada ya hapo, yanahitaji kutangazwa na waziri. Lakini kutotangazwa hakumpi mtu ruhusa ya kwenda na nyundo. Eneo la umma lina wenyewe. Ukiona watu wanachimba pembeni mwa mnara, mara nyingi wanatafuta "dhahabu ya Mjerumani". Waambie hakuna, na umjulishe mwenyekiti wa kijiji.

Hivi fuvu la Mkwawa si nalo ni mnara?

Umeuliza vizuri. Nalihesabu hivyo. Baada ya Mkwawa kufa kichwa kilikatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliwataka Wajerumani walikabidhi fuvu ndani ya miezi sita. Kifungu kimoja cha mkataba uliomaliza vita ya dunia nzima kinamtaja mtemi wetu! Lakini miezi sita ikawa miaka thelathini na tano. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifuata kwenye jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani, ambako palikuwa na mafuvu kama 2,000, likachaguliwa kwa kupima na kulinganisha na vichwa vya ndugu wa Mkwawa, na kwa tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Wapo wanaouliza kama ndilo lenyewe. Nikiulizwa hivyo nikiwa Kalenga, huwa namwachia mlinzi wa makumbusho ajibu. Ni kwao.

Na ule mnara wa Iringa mjini, karibu na soko?

Ule ulio mbele ya kituo cha polisi ni wa Waafrika waliokufa katika Maji Maji, 1905 hadi 1907. Watu huupita na vikapu vya nyanya bila kugeuza shingo. Nawasimamisha wageni pale kwa sababu moja: ukisema "Waafrika waliokufa Maji Maji", swali linalofuata ni "wa upande gani?" Wangoni na Wabena walisimama kumpiga Mjerumani. Wabena walishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, Septemba 1905. Wahehe kwa sehemu kubwa hawakuingia. Walikuwa wamechoka na vita vyao vya miaka saba, na wapo waliokwenda na Kapteni Nigmann, mkuu wa boma la Iringa, alipokwenda kuiokoa Mahenge. Wajukuu wa Mkwawa, upande wa Mjerumani. Wahehe wenzangu hawapendi nikilisema hilo, wananiambia nataka kuchonganisha. Sichonganishi, ndivyo ilivyokuwa.

Songea wamefanyaje?

Wamefanya vizuri kuliko sisi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale, na wakazikwa katika kaburi la pamoja. Leo pana makumbusho ya Maji Maji na sanamu za mashujaa, na kila Februari watu hukusanyika. Songea, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Novemba 2023 akaomba msamaha. Ningependa siku moja mkubwa kama huyo aletwe na Lugalo, si kwa ajili ya msamaha, ila asome yale majina mbele ya wanafunzi. Angalau yeye "Zelewski" angelitamka sawasawa.

Ni kweli Berlin kuna mtaa wa Mtanzania?

Kweli. Mtaa wa Wissmann wa Neukölln ulibadilishwa mwaka 2021 ukaitwa Lucy Lameck, mama yetu wa Moshi, mwanamke wa kwanza kuingia serikalini kama naibu waziri. Na Agosti 2024 sehemu ya barabara iliyokuwa na jina la Peters, mkoloni mwenzake Wissmann, mtaa wa Wedding, ikaitwa Maji Maji. Nikiwaambia wanafunzi kwamba tarishi wa Berlin leo anatafuta namba ya nyumba kwa jina la Lucy Lameck, wanacheka kwa furaha. Kisha mmoja huuliza kama Iringa tuna mtaa wa Lucy Lameck, nami nabadilisha mada.

Nikitaka kufika Lugalo nifanyeje?

Panda kosta za Ilula, mwambie konda mapema kwamba unashuka Lugalo kwenye mnara, na umkumbushe tena mkiwa karibu, maana muziki ni mkubwa. Nenda asubuhi. Vaa viatu vya kufunika, nyasi ni ndefu baada ya mvua. Beba maji. Choo hakuna.

Usiandike jina lako kwa mkaa. Najua unatamani.

Picha zinaruhusiwa?

Lugalo piga utakavyo. Kwa ule mnara wa mjini, kumbuka nyuma yake kuna kituo cha polisi: ingia kwanza, salimia, omba. Ukisema "Shikamoo afande, naomba kuwapiga picha wazee wetu wa Maji Maji", mara nyingi anatoka mwenyewe kukuonyesha pa kusimama ili jua lisikupige machoni.